Samadi ya Babu Ilikuwa Ng'ambo

Baba yangu akianza kuzungumzia mafuta, chakula kinapoa. Kazi yake ni kufundisha walimu, yaani anafundisha watu namna ya kufundisha, na nyumbani kwetu Butimba sisi ndio tunafanyiwa mazoezi. Petroli ilipopanda bei kwa sababu ya vita vya watu ambao hatujawahi kugombana nao, alinyanyua mtungi wa gesi wa mama, akautikisa mbele yetu, akasema, "Mnausikia? Humu ndani amekaa nahodha wa meli. Siku akiamua kugeuza meli yake, ninyi mnalala njaa. Nchi ambayo jiko lake linawashwa na mtu wa mbali haina ulinzi, hata iwe na mizinga."

Mama akamwambia autue mtungi, kuna wali bado jikoni.

Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu. Niko kidato cha tatu, na kuna mwalimu aliwahi kuniandika sipo darasani siku ambayo nilikuwa nimekaa dawati la mbele yake. Siumwi. Ni kwamba sentensi zangu zinafika mdomoni wakati watu wameshahamia mada nyingine, kwa hiyo naziandika. Faida yake ni kwamba watu wanasahau upo, wanaongea. Haya yote niliyapata hivyo, nikiwa nimekaa tu.

Huo mtungi wa mama ulikuwa na nafuu. Aliyeumia kweli ni bibi, mama yake baba, huko kijijini upande wa Kigongo, wilaya ya Misungwi. Bibi macho yake yamekwisha kwa moshi. Akisonga ugali machozi yanamtiririka mpaka mgeni anadhani nyumba ina msiba. Baba alikuwa amempelekea jiko la gesi na mtungi wake, na bibi akalipenda lile jiko kuliko anavyowapenda baadhi ya watoto wake. Akapikia kila kitu, hata maji ya kuoga. Halafu mtungi ukaisha katikati ya ile bei mpya. Nilipokwenda likizo ndefu nikamkuta ameuvalisha mtungi kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka redio, na yeye amerudi kwenye mafiga.

"Huyu sasa ni mgeni," aliniambia akiuonyesha mtungi. "Kazi hafanyi, ila heshima tunampa."

Baba aliposikia alikuja na suluhisho. Alikuja nalo kwa gari lake linalokunywa petroli kama mlevi wa pombe ya msiba, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja. Suluhisho lenyewe lilikuwa mtambo wa gesi ya samadi. Fundi alichimba nyuma ya zizi, akajenga kitu kama chungu kikubwa kilichozikwa, akatoa bomba mpaka jikoni kwa bibi. Unachukua kinyesi cha ng'ombe, unakikoroga na maji, unamimina shimoni. Kinachachuka huko chini, gesi inapanda, unawasha jiko.

Baba alitoa hotuba ya uzinduzi. Alisema hii ndiyo gesi isiyopita kwenye bahari ya mtu. Alisema kila zizi la Usukumani ni kisima cha mafuta ambacho hakuna jeshi linaloweza kukizingira. Babu alikuwa kwenye kigoda, anakwangua tope kwenye viatu vyake vya matairi kwa kijiti.

"Yaani mwanangu kasoma miaka yote ile," alisema, "ili aje kuniambia mavi ni mali."

"Ni mali, baba."

"Nilijua hujazaliwa. Mahindi uliyokula ukakua unadhani nililimia nini?"

Mwanzoni majirani waliogopa kula kwetu. Walifikiri ugali utanukia. Bibi hakujisumbua kuwabembeleza. Alisema, "Mchicha wao wanauotesha kwenye manukato?" Akaendelea kupika, na harufu ya kitunguu ilipotoka nje wakarudi wenyewe mmojammoja, kila mmoja akisema alikuwa anapita tu.

Ila gesi haikutosha. Babu alikuwa na ng'ombe wawili zizini. Mmoja mzee, pembe moja imevunjika, na mwingine mnene kwa kumwangalia tu. Walichotoa kilitosha kuchemsha chai. Ukibandika maharage, yanaanza tu kulegea, moto unanywea, unakuwa wa bluu kidogo kama unaona aibu, unazimika. Bibi anayahamishia mafigani, moshi unapanda, machozi yanaanza. Baba alikuwa anapiga simu kutoka mjini kuuliza uhuru wa nishati umefikia wapi.

"Umefika kwenye chai," bibi alimjibu, akakata simu.

Hapo kila mtu alikuwa anajua kitu kimoja na hakuna aliyekisema. Babu ana ng'ombe wengine.

Kwetu mzee mwenye akili zake haweki ng'ombe wote kwenye zizi lake. Anawagawa kwa marafiki, hawa kwa fulani, wale kwa fulani. Anayewafuga anakunywa maziwa, anabeba samadi kupeleka shambani kwake, na mara mojamoja anapewa ndama wa shukrani. Mwenye ng'ombe anapata kilicho bora zaidi, yaani hakuna anayejua anao wangapi. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hauingii yote. Mwizi akija, anakuta wawili. Na mtoto wa kiume akija kuomba ng'ombe wa mahari, naye anakuta wawili.

Mtoto huyo alikuwepo. Ni baba mdogo, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa anabeba abiria wa kivuko kwa pikipiki pale Kigongo. Daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa, abiria wakawa wanapita juu na mabasi yao bila hata kumpungia mkono. Petroli nayo ikapanda. Alichobakiwa nacho maishani ni msusi mmoja wa kutoka Mara, binti wa wavuvi, mcheshi, ambaye alikuwa amemkubali na pikipiki yake isiyo na mafuta. Wazazi wa binti walitaka ng'ombe. Walikuwa wamengoja mpaka wamechoka, na sasa mwenye duka la vipuri huko kwao alikuwa ameanza kuwasalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

"Baba," baba mdogo alisema siku moja tukiwa tunakula, "nisipopeleka kitu kabla ya mavuno, wale watanipa salamu za mwisho."

"Zizi si unaliona. Mchukue huyo wa pembe moja uone kama atafika hata Magu, sembuse Mara."

"Na wale wa kwa watu?"

Babu alitafuna kwa muda mrefu sana kwa mtu ambaye meno yake ni machache. "Wapi hao?" alisema.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Bibi alihitaji kinyesi, kinyesi kilihitaji ng'ombe, na babu akiwaleta ng'ombe nyumbani, mtoto wake atawaona kwa macho yake. Mimi niliona mapema kabisa kwamba babu angependa bibi aendelee kulia.

Jumapili iliyofuata baba alikuja na gari lake, akaanza upya. "Baba, hii ni sawasawa na nchi. Tuna gesi yetu, lakini tunapika kwa ya watu. Na wewe una samadi yako, lakini inastawisha mahindi ya watu huko. Huo si usalama."

Babu alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe asiyetaka kuingia josho. "Wewe unataka nchi iweke kila kitu zizi moja? Ugonjwa ukiingia je? Mimi nimeishi na ukame, nimeishi na homa ya ng'ombe, nimeishi na wezi wa mishale. Sijawahi kuwa bila ng'ombe hata siku moja. Kwa sababu wako mbali. Huo ndio usalama."

Nilimwona baba anatafuta ile sura ya kitabu ambayo jibu lake limo. Hakuipata. Kusema kweli, niliona babu ameshinda, na nikaona bibi naye ameona hivyo, kwa sababu aliinuka akaenda jikoni.

Kuanzia hapo bibi akagoma. Hakutangaza. Alitoa mafiga jikoni, akayapanga kuzunguka bustani yake ya maua, akasema yeye sasa anapikia gesi tu kama mtoto wake alivyoagiza, kwa usalama wa nchi. Na gesi ilikuwa ya chai. Asubuhi tukanywa chai. Mchana babu alirudi kutoka shambani, akanawa mikono, akakaa, akaletewa chai. Jioni chai, na ndani yake bibi alikuwa ameongeza tangawizi ili mtu asiseme hapewi kitu tofauti.

"Mke wangu," babu aliniita. Mimi mjukuu wake ndiye mke wake wa utani. "Mwambie mwenzio nina njaa."

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia kabla sijafika, "mwambie mume wetu chai ipo."

Baba mdogo alikuwa anakula kwa mama ntilie wa barabarani kwa mkopo. Mimi bibi alikuwa ananipa mihogo ya kuchoma kwa siri, kwa hiyo siwezi kujifanya niliteseka. Babu alivumilia kuliko nilivyofikiria. Nadhani kilichomvunja ni pale alipomtembelea jirani wakati wa chakula, na jirani, kwa wema, akamkaribisha chai.

Kumbe ng'ombe walikuwa ng'ambo ya maji, upande wa Busisi, kwa rafiki yake wa tangu ujana. Maficho mazuri kweli. Zamani ndugu akitaka kuwachungulia ilibidi apange foleni ya kivuko. Walirudi kwa lori la kukodi, wamesimama wamebanana, wanaangalia ziwa kutoka juu ya daraja jipya kama viongozi wanaokagua mradi. Lori lilikuwa la dizeli na lilitoa moshi mweusi mpaka kijiji kizima kikakohoa. Baba alikuwepo. Alifurahi sana kuona nchi inajikomboa kwenye mafuta ya nje, na moshi ule hakuutolea hotuba.

Walishuka. Walikuwa wengi. Zizi la babu, ambalo siku zote lilionekana kubwa kwa majivuno tu, likajaa. Baba mdogo alisimama kwenye lango la miiba, mikono kichwani.

Babu aliongea kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wasikie. "Ni wa rafiki yangu wa Busisi. Malisho yamemwishia. Kaniomba nimtunzie, nami siwezi kumkatalia."

Watu wakaitikia. Ni jambo la kawaida, ng'ombe wa mtu kukaa kwa mtu. Ile desturi ambayo babu alikuwa ameitumia kuwaficha ng'ombe mbali, sasa aliitumia kuwaficha hapohapo uani kwake, mbele ya macho yetu. Nilitamani kupiga makofi. Shida ni kwamba jike mmoja mweupe mwenye madoa alimwendea babu moja kwa moja, akaanza kumlamba mkono.

"Amekuzoea haraka," baba mdogo alisema.

"Ng'ombe wana adabu kuliko vijana."

Hapo gesi ikaja. Ilikuja mpaka jiko likawa linanguruma. Mimi nilikuwa mkorogaji mkuu, nimevaa mabuti ya babu yanayonifika magotini, nachota, namwaga maji, nakoroga, na ni kazi ninayoipenda kwa sababu hakuna anayekuja kukuongelesha. Bibi alipika maharage mpaka yakaiva. Akapika makande. Akapika kwa macho makavu, akiimba vibaya. Mtungi wa zamani ukavuliwa kitambaa, ukapewa kazi ya kuzuia mlango usijifunge.

Ila baba mdogo alikonda. Alikuwa anakaa langoni kila asubuhi kabla ya kwenda kutafuta abiria, anawaangalia wale ng'ombe kama mtu anayeangalia chakula kwenye kioo cha hoteli. Hawezi kumwita baba yake mwongo, hilo halipo. Na msusi alikuwa ameanza kuchelewa kujibu simu. Bibi alimwona. Aliacha kuimba.

Akamwalika yule rafiki wa Busisi. Alimwambia babu kwamba si heshima mtu kutokuja kuona ng'ombe "wake" walivyofika. Babu hakuwa na namna ya kukataa.

Mzee alikuja na koti la suti juu ya kikoi, akapita kwanza jikoni kumsalimia bibi. Mimi nilikuwa nachambua mchele pale.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanisahau papo hapo, kama kawaida.

Wakaanza kuongea Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha kusikia tu. Nikijaribu kukisema watoto wadogo wanacheka. Lakini kukisikia nakisikia. Mzee alikuwa na donge lake. Amewafuga miaka na miaka, amewaponya homa, amewavusha kiangazi, halafu limekuja lori, wamepakiwa wote, hata ndama wa shukrani hakuachiwa.

"Na sasa naambiwa ni wangu," alisema.

"Ndivyo alivyotangaza," bibi alisema. "Mbele ya watu."

"Mbele ya watu?"

"Wengi."

Nikamsikia mzee anacheka, kicheko cha chini, cha tumboni, na bibi akafunika sufuria.

Tulikula nje: baba, baba mdogo, babu, mgeni, na majirani ambao walikuwa wanapita tu. Babu alikuwa mchangamfu kupita kiasi, anamsukumia mgeni vipande vya nyama. Baba alieleza tena habari ya nahodha wa meli. Walipomaliza kunawa, baba mdogo, kwa adabu zote, akamuuliza mgeni, "Baba, hivi hawa ng'ombe ni wa kwako kweli?"

Babu aliacha kujifuta mikono.

"Ni wangu," mzee alisema. "Hukumsikia baba yako?"

"Nilimsikia."

"Basi. Na nimewaangalia, wamenawiri. Mzee mwenzangu kanitunzia vizuri." Akampigapiga babu begani. "Sasa nisikilizeni. Mimi na baba yenu tumekua pamoja. Mtoto wake ni mtoto wangu. Nimesikia kuna mkwe huko Mara na kijana hana kitu. Mimi siwezi kuwa na ng'ombe wamejaa hapa mlangoni na mtoto wangu anakosa mke. Kijana, chagua wa mahari humo. Na mimi nitaondoka na ndama mmoja tu, huyo wa jike mwenye madoa."

Ng'ombe mmoja akajisaidia kwa kishindo, na hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa ni gesi ya kesho.

Uso wa babu ulipita rangi zote. Akisema hapana, anamnyima rafiki kutoa mali yake. Akisema ni wangu, amejivua nguo mbele ya kijiji. Aliangalia kushoto, kulia, akamwona bibi amesimama mlangoni karibu na mtungi, mikono imekunjwa, macho makavu kabisa. Mwishowe akaniona mimi. Sijui alitegemea nini. Labda alitaka mtu yeyote abadilishe mada, na mimi ndiye mtu ambaye siku zote nipo na sipo.

"Mke wangu," alisema, "mbona kimya? Sema kitu."

Nikaenda mbele ya mgeni, nikapiga goti, nikasema, "Asante sana, babu. Mungu akuzidishie."

Kwa mara ya kwanza sentensi yangu ilifika kwa wakati. Zawadi ikishashukuriwa kwa goti, mbele ya majirani, na mtoto wa nyumba, hairudi. Bibi akapiga vigelegele, mke wa jirani akampokea, na baba mdogo akaficha uso kwenye mikono. Babu alikaa akiangalia kigoda chake kana kwamba kigoda nacho kimehusika. Halafu akasimama, akamshika mgeni mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa ng'ombe wake mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akimeza kitu kikubwa namna ile bila maji.

Baadaye nilidhani atanikasirikia. Aliniita tu nimvutie kigoda kivulini, akasema, "Kumbe wewe ukifungua mdomo unagharimu."

Wakwe walipokuja kutoka Mara kuwaangalia ng'ombe wao, bibi ndiye alipata hofu, maana wakiondoka na wale, jiko lake linarudi kwenye chai. Lakini babu alikuwa ameshafikiria. Aliwauliza wale wavuvi, kwa upole wa kutisha, kama wana malisho. Walikuwa na mwamba, mchanga na nyavu. Aliwauliza kama wana mchungaji. Hawakuwa naye. "Basi waacheni hapahapa," alisema. "Nitawatunzia. Maziwa nitakunywa, na wakizaa nitawaambia. Kinyesi msijali, nitajua pa kukitupa."

Wakakubali na wakashukuru. Msusi anakaa kwa bibi sasa, na nikienda ananisuka bure na kuongea kwa niaba yangu. Bibi anapika maharage. Mgeni akija na kusifu zizi, babu anasema wale si wangu, ni wa wakwe, na kwa sehemu kubwa siku hizi hasemi uongo.

Baba alipopewa habari hizo alikaa na sahani yake mkononi muda mrefu. Nilijua anachotafuta. Anataka kujua kama gesi inayotoka kwa ng'ombe wa watu wa Mara ni yetu, au nayo tumeagiza nje. Chakula kilipoa.